Lebo Kumi na Moja Zilizovitoa Vivinjari Jasho, Kuanzia ya Mkiani Hadi Bingwa

Kila ukurasa wa wavuti unaoufungua umetanguliwa na mstari mmoja ambao huuoni. Seva inauleta kwenye kivinjari kabla ya herufi ya kwanza ya ukurasa, na unatangaza kinachofuata: hii ni makala, hii ni picha, huu ni wimbo, hili ni jedwali la Excel. Mstari huo, heda kwa lugha ya mafundi, unaitwa Content-Type, na lebo yake ni maneno mawili yenye mkwaju katikati: text/html, image/png na ndugu zao. Mfumo wa lebo hizi ulibuniwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed kwa ajili ya barua pepe, ukachapishwa Juni 1992 kama RFC 1341, waraka mmoja wa msururu wa kanuni za intaneti. Wavuti ikauazima, na mpaka leo haijaurudisha.

Kasheshe ilianza pale seva zilipobandika lebo za uongo, na vivinjari vikagawanyika kambi mbili: vinavyoamini lebo, na vinavyoipuuza na kunusa vyenyewe kilichomo. Nimezipanga hapa lebo zilizoleta maumivu makubwa kuliko urefu wake. Nimeweka kumi na moja kwa sababu kumi zilimwacha nje mtu muhimu. Najua vidole vyako vinawasha kuruka hadi namba moja. Ruka tu, lakini ukirudi kubishana utaanza kwa kujibu swali la namba tisa.

11. message/coffeepot

Aprili 1, 1998, Larry Masinter alichapisha RFC 2324, itifaki ya kuendesha birika la kahawa kupitia intaneti, ikiwa na aina yake halali ya maudhui. Wanywaji wa chai walisahaulika hadi Aprili 1, 2014, RFC 7168 ilipoleta message/teapot. Miaka 16 ya kuwanyima chai watu wa intaneti, na hakuna aliyefungwa!

Hukumu: ni utani wa wahandisi, haujawahi kuharibu ukurasa wa mtu. Kwa hiyo mkiani, na kashata moja ya pongezi.

10. image/x-icon

Ile picha ndogo juu ya kichupo cha kivinjari ililetwa na Internet Explorer 5 mwaka 1999. Jina lake rasmi lilisajiliwa 2003: image/vnd.microsoft.icon. Limebeba jina la Microsoft katikati kabisa. Sasa tia picha hiyo ndani ya ukurasa kama picha ya kawaida, ipe hilo jina rasmi, kisha tafuta kivinjari kilichoshindwa kuionyesha. Naam, Internet Explorer.

Hukumu: mtoto kaitwa jina la baba, baba kamkana mlangoni.

9. application/vnd.openxmlformats-officedocument.wordprocessingml.document

Hili ndilo jina kamili la faili la Word lenye kiendelezi cha docx. Herufi 71 ukihesabu mkwaju, nukta na kistari. Swali nililokuahidi: unaweza kulitamka kwa pumzi moja? Basi hapo hapo.

Urefu si dhambi. Dhambi ni kwamba faili la docx kwa ndani ni kifurushi cha zip. Office 2007 ilipoanza kutoa mafaili haya, seva zilizosimikwa kabla yake hazikulijua jina hili, zikayapeleka bila lebo ya maana. Internet Explorer ikanusa, ikakuta zip, ikabadilisha jina la faili. Mwombaji kazi anabofya fomu ya maombi, anapata zip, anaifungua, anakumbana na folda la mafaili ya XML na siku ya mwisho ya kutuma maombi. Fomu ilikuwa nzima muda wote! Ilihitaji tu kurudishiwa kiendelezi chake, ila nani alimwambia?

Hukumu: jina refu, msaada mfupi.

8. video/mp4, na kivinjari kisichojua kusema ndiyo

HTML5 ilipoleta video bila programu-jalizi, vivinjari vilianza kwa ugomvi wa mafaili. Firefox 3.5 ya Juni 2009 ilicheza Ogg. Safari ikataka MP4. Mwenye tovuti akatengeneza nakala mbili za video ileile. Halafu Firefox ikawa kali kuhusu lebo: seva ikileta Ogg iliyoandikwa text/plain, video haichezi hata iwe nzima kiasi gani.

Kipande kinachonifurahisha ni canPlayType, njia ya kukiuliza kivinjari kama kitaweza kucheza aina fulani ya video. Kina majibu matatu tu: probably, maybe, na kimya. Yaelekea, labda, na kimya. Jibu la ndiyo halimo. Ni fundi cherehani uliyemuuliza Jumatatu kama gauni la harusi litakuwa tayari Ijumaa.

Na bado nakitetea. Lebo ya video/mp4 inataja chombo tu, haitaji picha na sauti zilizofungwa ndani zimesimbwa kwa mbinu gani. Ukiiongezea taarifa ya mbinu hiyo, yaani kodeki, labda inapanda cheo kuwa yaelekea. Kivinjari kinasema kadiri kinavyojua, na hakiahidi zaidi ya hapo.

Hukumu: mkweli kuliko wengi, afadhali fundi wangu naye angejifunza kusema labda.

7. Accept, heda ya mteja wa ajabu

Hii si lebo ya seva. Ni orodha ya mahitaji ambayo kivinjari kinaituma kikienda kuomba ukurasa: naomba hiki, kikikosekana nipe kile. Firefox za zamani zilitaja text/html kwa adabu, na kipimo cha upendeleo pembeni. Internet Explorer, kwenye kompyuta iliyosimikwa Office, iliomba GIF, JPEG, Flash, Excel, PowerPoint na Word, kisha ikamalizia na */*, yaani lete chochote. Kivinjari cha wavuti, na text/html haimo kwenye orodha yake! Kilikwenda kuomba ukurasa kikaanza kuulizia jedwali la hesabu.

Wahandisi waliotamani seva ichague toleo kwa kusoma orodha hiyo waliishia kusoma jina la kivinjari badala yake, na hilo nalo lina uongo wake: karibu kila kivinjari duniani mpaka leo kinajitambulisha kwa kuanza na Mozilla/5.0, kwa sababu miaka ya tisini seva ziliwapa kurasa nzuri wale tu waliojiita Mozilla.

Hukumu: ukitaka kujua nani mgeni wako, usimuulize jina. Muulize anaweza kufanya nini.

6. image/webp

Hapa ndipo nategemea upinzani mkali, kwa sababu wengi mnaichukia. Mmehifadhi picha, ikaja na kiendelezi cha webp, fomu ya kupakia ikaikataa, mkalaani. Naelewa.

Ila sikilizeni. Google iliitangaza 2010, na kwa hesabu zake picha ya WebP inayopunguza ubora kidogo huwa ndogo kwa asilimia 25 hadi 34 kuliko JPEG inayolingana nayo. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ni theluthi au robo ya picha alizolipia bila kuziona. Firefox iliikubali Januari 2019, Safari ikangoja hadi toleo la 14 la 2020. Miaka kumi! Katika muda huo ni heda ya Accept iliyookoa jahazi: Chrome ilitaja image/webp kwenye maombi yake, seva ikaipa WebP, na mwenye Safari akapewa JPEG, anwani ikiwa ileile. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kufungua anwani inayoishia na jpg ukaletewa WebP, na hakuna sheria iliyovunjwa. Kivinjari kinafuata lebo. Mkia wa anwani ni jina tu.

Hukumu: picha haina kosa. Mlaumuni aliyetengeneza fomu ya kupakia akadhani dunia iliishia 1995.

5. text/javascript

Kaa vizuri. Aprili 2006, RFC 4329 ilitangaza kwamba text/javascript imepitwa na wakati, jina la haki ni application/javascript. Waliopenda kufuata kanuni wakabadilisha kurasa zao siku hiyohiyo. Internet Explorer 8 na wakubwa zake wote walipokutana na jina jipya kwenye sifa ya type ya skripti, waliiruka skripti nzima. Kimyakimya, bila hata onyo. Menyu zikagoma kufunguka, fomu hazikukaguliwa, na aliyeandika kwa jina lililokatazwa akaendelea kula maisha.

Mei 2022 ikaja RFC 9239 na uamuzi mpya: jina sahihi ni text/javascript. Lilelile. Miaka 16 ya kumwambia mtu amekosea, halafu kumfuata na barua ya kumrudisha kazini!

Siku hizi mambo ni makali kwa namna nyingine. Moduli ya JavaScript ikiletwa na lebo isiyo ya JavaScript, kivinjari kinaikataa katakata, na kwa hilo nakipigia makofi. Bora kosa linalopiga kelele mbele ya mjenzi kuliko linalomsubiri msomaji.

Hukumu: kwa skripti ya kawaida kwenye HTML5, acha type kabisa. Ndiyo njia iliyofanya kazi kabla, wakati na baada ya ugomvi.

4. text/vnd.sun.j2me.app-descriptor

Huyu ndiye mtu muhimu aliyefanya orodha izidi kumi. Kama uliwahi kumiliki kiswaswadu au mulika mwizi yenye Java, umeshaumizwa na lebo hii bila kuijua jina.

Programu za simu zile zilikuja kwa mafaili mawili. Kwanza jad, faili dogo la maandishi linaloeleza programu inaitwaje, ina ukubwa gani na inapatikana wapi. Kisha jar, programu yenyewe. Simu ikiona lebo sahihi ya jad ilikuuliza: nisimike? Seva isiyoijua lebo hiyo ilipeleka maandishi matupu, na simu ikakuonyesha maandishi matupu: MIDlet-Name, MIDlet-Version, MIDlet-Jar-Size, mistari mitano au sita ya kizungumkuti kwenye kioo kidogo. Umeomba mchezo wa mpira, umepewa cheti chake cha kuzaliwa. Na salio limekatwa, kwa sababu mtandao haujali ulichoelewa, unahesabu kilichopita.

Kwa njia hii hii watu walisimika Opera Mini, iliyotolewa dunia nzima Januari 2006. Kivinjari hicho kilizipitisha kurasa kwanza kwenye seva za Opera, zikabanwa huko, kisha simu ikapokea kifurushi chepesi. Kiliwafungulia wengi wavuti nzima kwenye simu ya vitufe. Hebu fikiria sasa wangapi waliishia kwenye yale maandishi ya jad, wakadhani simu yao ndiyo mbovu, wakaipeleka kwa fundi.

Dawa ilikuwa mistari miwili ya AddType kwenye seva ya Apache, mmoja wa jad na mmoja wa jar. Mwenye seva angeiandika kabla chai haijapoa. Mwenye simu asingeweza kuiandika milele.

Hukumu: lebo ikikosewa na mwenye seva, bili inamfikia msomaji. Mtu akikwambia hivi ni vitu vidogo vya mafundi, mpe namba nne asome.

3. application/xhtml+xml

Januari 2000, shirika la W3C lilizindua XHTML 1.0: HTML iliyotiwa nidhamu ya XML. Kila lebo ya msimbo ifungwe, kila sifa iwe ndani ya alama za nukuu. Miaka miwili baadaye RFC 3236 ikaipa aina yake ya maudhui. Vijana wa wavuti tukashangilia.

Sasa tazama vivinjari vilivyoipokea. Firefox ikiletewa lebo hii iliikagua kwa sheria za XML, na sheria za XML hazina msamaha. Kiungo kimoja chenye ?id=3&lang=sw, ile alama ya & ikiachwa tupu, na ukurasa wote unatoweka: mandhari ya manjano, maandishi mekundu, namba ya mstari wenye kosa. Habari uliyokuwa ukiisoma, kwaheri. Internet Explorer 6, 7 na 8 nazo hazikuikagua hata kidogo. Zilimuuliza msomaji kama angependa kupakua ukurasa. Mtu kaja kusoma matokeo ya mtihani, anaulizwa ayahifadhi wapi!

Basi tovuti zikafanya nini? Zikaandika XHTML, zikaipeleka kama text/html. Vivinjari vikaisoma kama HTML ya kila siku yenye vimkwaju vya ziada, na nidhamu yote ikabaki pambo. Ian Hickson aliandika makala ya kuonya dhidi ya hilo mwaka 2002, na ubishi wake ulichemka kwa miaka. Kuna kioja kingine: ukitanguliza tamko la xml juu ya ukurasa, kama adabu ya XML inavyopendekeza, Internet Explorer 6 iliona tamko hilo ikahamia kwenye hali ya uigaji wa vivinjari vya kale, na vipimo vya visanduku vyote vikavurugika. Adabu ikawa chanzo cha vurugu.

Internet Explorer 9 ilikuja kuikubali lebo hii Machi 2011. W3C ilikuwa imeshatangaza Julai 2009 kwamba kikundi cha XHTML 2 hakitaongezewa muda.

Mashabiki wake bado wapo, na najua watanijia juu. Waje. Nauliza jambo moja: mwandishi akisahau alama moja, kwa nini anayenyang'anywa ukurasa ni msomaji?

Hukumu: msimamo mzuri, mlengwa siye.

2. text/plain

Maandishi matupu. Nani angeyaogopa maandishi matupu?

Kwa miaka mingi seva ya Apache, ikikutana na faili isilolijua, ilibandika text/plain na kuendelea na kazi. Aliyebofya faili la rar kwenye Firefox, kivinjari kinachoamini lebo, alijaziwa kioo kizima viboksi na alama za ajabu. Internet Explorer ikaja na huruma yake: haiamini lebo, inasoma baiti 256 za mwanzo, inakisia yenyewe. Ukiwa msomaji wa kawaida ungesema Internet Explorer ndiyo bora, na siku hiyo ungekuwa sahihi.

Siku iliyofuata wadukuzi waliamka. Tovuti inaruhusu watu kupakia picha? Basi pakia faili linalopita ukaguzi wa picha lakini limebeba HTML mwanzoni. Seva inasema ni picha, Internet Explorer inanusa, inaona HTML, inaendesha skripti iliyomo kwa mamlaka ya tovuti ileile. Mwenye akaunti anaibiwa kwa kutazama picha.

Mwaka 2009 Adam Barth, Juan Caballero na Dawn Song walilichambua tatizo hili kwenye makala ya kitaaluma yenye mfano ninaoupenda kuliko yote: makala iliyotumwa kwa wasahihishaji kama PostScript, lakini ikisomwa kwa kunuswa inageuka HTML, na msahihishaji akiifungua inajipa yenyewe maksi nzuri. Mtihani unaojisahihisha! Wanafunzi, tulieni, imeshafungwa.

Internet Explorer 8 ya 2009 ilileta heda ya X-Content-Type-Options yenye thamani moja tu inayokubalika, nosniff, usinuse. Firefox ikaifuata katika toleo la 50, Novemba 2016. Apache nayo iliacha tabia yake ya text/plain katika toleo la 2.4 la 2012. Kila hatua ilikuwa ya kurudisha kitu kilekile cha 1992: seva iseme kweli, kivinjari kiamini.

Hukumu: huruma ya kubahatisha iligharimu zaidi ya ukali. Ingekuwa bingwa, ila kuna mmoja ametugusa sisi kwenye lugha yetu.

1. text/html, bila charset

Bingwa ni lebo ya kawaida kuliko zote, ikikatwa mkia. Sahihi ni text/html; charset=utf-8. Ukiacha ule mkia, kivinjari kinajua ni ukurasa lakini hakijui baiti zake zigeuzwe herufi gani.

Msomaji wa Kiswahili, hapa tulidanganywa na bahati. Alfabeti yetu sanifu yote inaingia kwenye ASCII, ambayo karibu kila usimbaji unafanana nayo. Ukurasa wa Kiswahili usio na charset unafunguka vizuri. Mjenzi anaangalia, anaridhika, anaondoka. Kisha mtu anaandika habari za mifugo kwenye Word, na Word inaikunja ritifaa iliyonyooka. Ritifaa iliyokunjwa haimo kwenye ASCII. Kwa UTF-8 ni baiti tatu. Kivinjari kinachodhani ni usimbaji wa Windows-1252 kinazisoma kama herufi tatu, na zizi zima linageuka: ngâ€™ombe. Ng'ambo, ng'ara, ng'oa, wote wamepakwa sarafu ya Ulaya na alama ya biashara.

Kule Lubumbashi, anayechanganya Kiswahili na Kifaransa anaumia mapema zaidi, kwa sababu kila é inakuja kama Ã©. Na msomaji wa Maskati mwenye kivinjari cha Kiarabu, kilichozoea kudhani Windows-1256, alipata alifu yenye hamza mahali ambapo wa Lubumbashi alipata A yenye kiwimbi. Ukurasa uleule, ubovu wa kienyeji.

Kanuni nazo zilichochea. HTTP/1.1 ya 1999 ilisema maandishi yasiyotajwa charset yahesabiwe ISO-8859-1, na amri hiyo haikufutwa hadi RFC 7231 ya Juni 2014. Vivinjari havikuifuata hata hivyo: ukiviambia ISO-8859-1, vinasoma Windows-1252, na sasa hiyo ndiyo kanuni iliyoandikwa. Unaweza pia kuweka tamko la meta charset ndani ya ukurasa, ndani ya baiti 1024 za mwanzo, lakini heda ya seva ikisema vinginevyo, heda ndiyo inayoshinda. Wangapi wameandika meta sahihi, wakakesha wakitafuta kosa ambalo lilikuwa kwenye mpangilio wa seva!

Hukumu: kombe ni lake, na upinzani napokea kwa sharti moja. Kabla ya kuniandikia, bonyeza F12 kwenye tovuti ya shule yako, kanisa lako, msikiti wako au gazeti la mtaani kwenu, ingia sehemu ya mtandao, soma Content-Type ya ukurasa wa kwanza. Ukikuta haina mkia, mwandikie mwenye seva kwanza. Mimi nitangoja.